Sifuri ya Taifa

Siwema alipanda jukwaani akicheka. Hakuna aliyeshangaa, maana Siwema hata kwenye foleni ya maji alicheka, na hata akipunjwa alicheka kwanza ndipo atukane. Pale soko la Mji Mpya, Morogoro, wateja walimtafuta kwa sauti. Unasimama, unasikiliza, unafuata kicheko mpaka unafika kwenye ndizi zake.

"Shemeji!" alipaza sauti kutoka jukwaani, akimnyooshea kidole mtu aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi. "Ndiyo umelivaa lile shati la harusi? Jamani, lioneeni huruma, linaomba talaka!"

Ukumbi ukalipuka. Pankrasi Mkude, mchoma matofali wa Kihonda, akajifanya anatazama dari. Alikuwa amekuja kwa sababu moja tu. Siwema alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, na ndiye mtu pekee aliyebaki duniani wa kumtania. Tangu Kolumba afariki, Pankrasi hakuwa na maneno mengi kwa watu, na hayo machache aliyobaki nayo yote yalikuwa ya kuwasema wakubwa. Wakubwa ndio walioniulia mke, alisema. Alilisema hilo tanurini, alilisema kilabuni, alilisema nje ya kanisa watu wakitoka misa, na kwa balozi wa mtaa alilirudia polepole ili balozi asije akajidai hakusikia.

Walimwambia Kolumba ni mzima. Mwanamke ameacha kula, anakaa kwenye kigoda anatazama ukuta, halafu mashine inawaka kijani. Mzima! Wiki ile ile akalala asiamke.

Na leo mashine ile ile ilikuwa inafanyiwa sherehe.

Jina lake la serikali lilikuwa Kipimanafsi, lakini nani angelitamka hilo kila siku? Ilikuwa pete nene, laini, inakaa utosini kama kitambaa kile akina mama wanachokisokota na kukiweka chini ya ndoo. Basi watu wakaiita kata, mpaka Waziri naye akazoea. Kila mwaka kila mtu aliivaa. Ukiwa kwenye sifuri au jirani yake, taa inawaka kijani, mzima wewe, nenda kazini. Ukipanda sana au ukishuka sana, inawaka nyekundu, na unaitwa. Ulichosema kwa mdomo wako hakikuhesabiwa. Sheria ilikuwa na maneno makavu kabisa: mtu si shahidi wa nafsi yake.

Mkurugenzi Ladislaus Chambega wa Taasisi ya Nafsi akasimama mbele ya kamera. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, kama anayeuza godoro.

"Mheshimiwa Waziri, wageni wetu! Miaka yote kata imetupima tu. Leo saa sita mchana tunairusha sifuri yetu nchi nzima, kwenye kila kata, kila kijiji, na kuanzia hapo kata haitapima tu, itatibu! Ukiwa chini itakupandisha. Ukiwa juu itakushusha. Na ikisharushwa inafungwa moja kwa moja, hakuna mkono wa mtu utakaoichezea tena. Tutakuwa taifa la watu wazima watupu!"

Makofi. Waziri alikuwa mzee mrefu aliyekonda, miwani imeteremka puani. Naye akapiga makofi, taratibu.

"Bi Siwema hapa," Chambega akaendelea, "amekutwa juu ya sifuri kila mwaka. Furaha ya kupitiliza. Inachosha moyo hiyo."

"Ikichosha moyo wangu wewe unalala njaa?" Siwema akamuuliza, na watu wakacheka tena. Ila alikaa kitini, akaivaa. Walimwahidi picha yake itatundikwa sokoni, na Siwema na picha mnajua wenyewe.

Chambega akabonyeza.

Kicheko kilikatika katikati, kama redio iliyochomolewa waya. Siwema akashusha mabega. Uso wake haukuwa na huzuni, wala maumivu, wala hofu. Ulikuwa umetulia tu, kama uwanja uliofagiwa. Chambega akamvua kata, akambandika kijitufe kidogo nyuma ya sikio, cha kumshikilia hapo hapo alipofikishwa.

"Hujambo, Bi Siwema?"

"Sijambo, daktari."

"Unajisikiaje?"

"Salama tu." Akasema hivyo akiinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, mkono wake ukilainisha kanga gotini, mara moja, mara ya pili.

Taa ya kijitufe ikawaka kijani. Ukumbi ukarindima kwa makofi.

Pankrasi hakupiga. Siwema hakuwahi kulainisha kanga tangu azaliwe, kanga zake zilikuwa kama zimetafunwa na mbuzi. Mkono ule aliujua. Kichwa kile kilichoinama aliishi nacho nyumba moja. Na ile "salama tu," yenye "tu" inayozama mwishoni kama jiwe kisimani, alikuwa ameisikia kila asubuhi mpaka asubuhi ya mwisho.

Akajikuta amesimama juu ya kiti. "Huyo si Siwema! Huyo ni mke wangu! Mmemtoa wapi mke wangu?"

*

Walinzi walimfikia, lakini kuna aliyewawahi. Dada mmoja mwenye koti jeupe alimshika Pankrasi mkono, akawaambia walinzi, "Ni baba yangu huyu, presha imempanda," akamburura mpaka nje ya mlango wa pembeni.

"Mimi sina mtoto," Pankrasi akasema.

"Najua. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niachie mkono."

"Naitwa Sikitu Mloka, ni mtafiti wa hapa. Jana nimekutafuta mpaka miguu imeota sugu. Kihonda nimeambiwa uko tanurini, tanurini nimeambiwa uko kwa balozi unagomba, kwa balozi nimeambiwa umeshagomba umeondoka. Tembea huku naongea, saa sita haiko mbali."

Walikuwa kwenye ukumbi mrefu wenye makabati ya vioo. Taasisi ilihifadhi humo vyombo vya zamani, vya kuwaonyesha wanafunzi. Sikitu alikuwa anakwenda mbio mbio, mikono inaruka, macho yanang'aa kama ya mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui amwambie nani.

"Tazama hiki cha shaba. Ujerumani, zamani sana. Kuna bwana alifungua chumba, akasema nafsi tuipime kama tunavyopima nondo. Kinagongwa kitu hapa, wewe ukisikia unabonyeza pale, anapima umechelewa kiasi gani. Hapo ndipo saikolojia ilipoanza kuitwa sayansi!"

"Kwa kugonga?"

"Kwa kugonga na kuuliza. Umesikia nini? Umeona nini ndani yako? Na waliokaa kwenye kiti walikuwa wao wenyewe, baba, wataalamu! Mwingine alijifungia akakariri maneno yasiyo na maana, kisha akajipima mwenyewe anasahau kwa kasi gani. Hakumtuma mtu. Alianza na kichwa chake."

"Wa siku hizi wanaanza na vichwa vya akina mama," Pankrasi akasema.

"Subiri, unakaribia." Alipita kabati la pili bila kusimama. "Wakagombana. Huyu anaona hivi ndani yake, yule anaona vile, nani mkweli? Wakaja wengine wakasema, kuuliza basi. Ya ndani hayaonekani, tuyaache. Tutazame anachofanya tu. Panya kwenye sanduku, akibonyeza anapata chakula. Mbwa akisikia mlio mate yanamtoka. Wakapata mengi, usiwadharau. Kisha wakaja waliosema kichwa ni kama kompyuta. Kisha zikaja mashine za kutazama ubongo unawaka wapi. Na mwisho sisi. Kata." Akasimama ghafla, Pankrasi karibu amgonge. "Sasa niulize swali, baba."

"Swali gani?"

"Mashine inaona ubongo umewaka mahali fulani. Imejuaje kwamba hiyo ndiyo uzima?"

Pankrasi akafikiri. "Imeambiwa."

"Na nani?"

"Na wakubwa."

"Na wakubwa wameambiwa na nani?" Hakungoja. "Na mtu aliyeulizwa, unajisikiaje! Zunguka unavyozunguka, tupa panya, leta mitambo, unarudi pale pale kwenye kiti cha yule Mjerumani. Mtu mmoja amekaa, mwingine anauliza. Bila hilo namba zote ni taa za Krismasi. Basi na hapa walihitaji mtu wa kusema niko salama, waichukue hali yake wakati anasema, waiite sifuri. Wakaita watu wajitolee. Wakagawa kanga na sukari."

Pankrasi aliikumbuka sukari ile. Aliikumbuka na kanga, ya rangi ya chungwa, Kolumba alikuja nayo ameikunjia kwapani. Ilikuwa muda si mrefu baada ya kumzika mtoto wao, mtoto aliyezaliwa kimya. Pankrasi wakati ule alikuwa anapiga kelele kila hospitali, anataka daktari, anataka mganga mkuu, anataka mtu wa kumlaumu. Kolumba hakupiga kelele. Kolumba alikuwa mtu wa adabu.

"Wengi waliojitolea walikuwa na wasiwasi," Sikitu akasema, sauti imeshuka. "Wamevaa mtambo kichwani, wanatetemeka, hali zao zinarukaruka. Mmoja tu alikaa sawa. Akaulizwa hujambo, akajibu sijambo. Unajisikiaje, salama tu. Hali imenyooka kama uzi wa fundi. Wakafurahi! Wakasema huyu ndiye. Hawakuchanganya watu wengi, walimchukua yeye peke yake."

"Kolumba."

"Ndiye sifuri ya taifa, baba. Sisi sote tunapimwa tuko mbali kiasi gani na mama Kolumba."

Pankrasi akashika kioo cha kabati. Ilichukua muda kumwingia, na ilipomwingia iliingia yote kwa mpigo. Mwanamke amekonda, hali chakula, wanamvika kata. Kata inamlinganisha na nani? Na yeye mwenyewe! Angewezaje kuwaka nyekundu? Angekuwa anazama mtoni bado ingesema mzima, maana mwenye kuzama ndiye kipimo.

"Mna wazimu nyie!" akasema, na sauti ikagonga vioo ukumbi mzima. "Mtu wa huku ukimuuliza hujambo atakujibu nini? Amwage msiba mlangoni? Hata nyumba ikiungua unasema sijambo kwanza! Salamu zikishaisha ndipo unasema nyumba inaungua!"

"Najua, nami nimezaliwa Mgeta, si Ujerumani. Nimemwambia Mkurugenzi. Kanijibu, kazi yote imejengwa juu ya sifuri ile, wewe umeajiriwa juzi."

"Basi mwambie Waziri."

"Nisimame pale niseme nini? Mtu si shahidi. Watatazama taa, taa ni ya kijani." Akatoa kata moja kutoka mfuko wa koti, akaishika kwa mikono yote miwili. "Ila kuna sheria moja ya zamani hawakuifuta. Aliyejitolea akifa, kumbukumbu yake ni ya mwenzi wake. Dole gumba lako tu kwenye mashine yoyote ya hapa, na sifuri inatoka. Kwa wote, papo hapo. Kijitufe cha Siwema nacho kinazimika. Lakini ifanyike kabla haijarushwa, na nisikudanganye, ikitoka imefutika. Hakuna nakala."

"Unasema yumo humo?"

"Hali yake ya dakika ile. Ndiyo."

"Nivishe."

"Baba, hatuna..."

"Nivishe, mwanangu."

Akamvisha. Ilikuwa kama kuingia kwenye chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi na kiti bado kina joto. Hapakuwa na sauti wala sura. Ni namna ya kuwa tu, lakini namna hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu duniani. Pankrasi akacheka kwa nguvu, machozi yamemjaa kidevuni. "Ni yeye! Daktari, ni yeye kabisa! Yuko hapa!"

Sikitu alimwacha kidogo, kisha akaivua taratibu. Pankrasi akaifuata kwa mkono, kama mtoto anayenyang'anywa.

"Sifuti," akasema.

"Baba."

"Sifuti! Nimempata leo nimuue tena leo? Na huyo Waziri, si wametangaza ndiye anayevishwa baada ya Siwema? Mwache avae! Chambega avae, wote wavae! Waonje walichomfanyia. Miaka yote nasema na hakuna anayesikia, leo watasikia kwa ndani!"

"Watasikia, ndiyo. Kisha watasema nini?"

Pankrasi akafungua mdomo.

"Watasema salama tu," Sikitu akasema. "Hiyo ndiyo sifuri. Watapigiwa makofi. Hutapata hata mmoja wa kukuambia samahani. Na Siwema atabaki pale pale alipo, na jirani yako, na mtoto wa jirani yako, watu wamekaa wanatazama ukuta na taa zote kijani."

Kutoka ukumbini wakasikia tarumbeta za bendi. Waziri alikuwa anaitwa jukwaani.

Pankrasi akakunja ngumi, dole gumba likiwa ndani. "Twende," akasema. Sikitu akamuuliza twende kufanya nini. Hata yeye hakuwa anajua.

*

Waziri alikuwa ameshavua miwani, kata ipo mikononi mwake, kamera zimemzunguka kama nzi. Chambega alikuwa anafuta jasho. Kando ya jukwaa, kwenye kiti cha plastiki, Siwema amekaa ametulia. Mtoto wa mpiga ngoma alimtolea ulimi kumchokoza, na Siwema akamtazama tu. Akalainisha kanga.

Hapo Pankrasi akajua la kufanya.

"Mheshimiwa!" Alikuwa anapita katikati ya viti, akikanyaga viatu vya watu. "Kabla yako, mimi! Mimi kwanza!"

Walinzi wakasogea tena, lakini Chambega akainua mkono. Alimtambua, nani asiyemtambua? Mchoma matofali mwenye ugomvi na serikali nzima. Na pale pale Mkurugenzi akaona bahati yake. Mtu mwenye hasira kuliko wote mkoani, mbele ya kamera, anageuzwa kondoo!

"Mwacheni! Karibu, mzee wetu, karibu sana! Mheshimiwa, ukiniruhusu, huyu ndiye mgonjwa ambaye ningemchagua mwenyewe."

"Nawe ningekuchagua mwenyewe," Pankrasi akasema, na watu wakacheka.

Akakaa. Kata ikamshuka utosini. Taa ikawaka nyekundu, nyekundu ya moto wa tanuri, na ukumbi ukafanya "aaah!" Chambega akabonyeza.

Safari hii hakikuwa chumba cha kuchungulia. Alisukumwa ndani na mlango ukafungwa. Hasira yake yote, aliyoilea kama mwana, iliteleza ikaenda. Akajiona ana ndoo kichwani. Hiyo ndiyo hali yenyewe, alielewa sasa, hali ya Kolumba siku ile. Ndoo imejaa mpaka ukingoni, shingo imenyooka, huwezi kugeuka, huwezi kukohoa. Watu wanapita wanakusalimu, nawe unawajibu huku umetazama mbele, maana ukitikisika tone moja tu litamwagika, na likimwagika moja yatamwagika yote. Taifa zima walikuwa wanataka kulitwisha ndoo hiyo, halafu wakaiita uzima.

Nyekundu ikafifia. Kijani.

"Hujambo, mzee Pankrasi?"

"Sijambo." Hakutaka kusema hivyo. Ilitoka yenyewe.

"Unajisikiaje?"

Akapambana. Alisaka matusi yake yote, yale mazuri ya tanurini, akakuta kabati tupu. Mkono wake wa kulia ukaanza kulainisha suruali gotini.

"Salama tu."

Makofi yakapasuka kama mvua ya mawe juu ya bati. Bendi ikaanza. Chambega alikuwa ameshanyoosha mikono kuivua kata, uso umemeremeta, "Mmeona! Mmeona wenyewe!" Na saa ya ukutani ilikuwa inaikaribia sita.

"Mkurugenzi, hajamaliza," akasema Sikitu. Alikuwa amepanda jukwaani, amechuchumaa mbele ya kiti.

"Amemaliza! Amesema salama. Shuka chini, binti."

"Shikamoo, baba Pankrasi," Sikitu akasema, kana kwamba Mkurugenzi ni kiti. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Za majirani?"

"Wazima wote."

Kulikuwa na akina mama mstari wa mbele, na mmoja wao akaacha kupiga makofi, kisha wa pili. Wao walijua kinachofanyika. Salamu za namna hii haziishii kwenye jibu la kwanza. Unamsindikiza mtu polepole, nzuri moja baada ya nzuri nyingine, mpaka afike mahali pa kuitua ndoo.

"Na za watoto?" Sikitu akauliza.

Mkono wa Pankrasi ukaacha kulainisha suruali. Bendi nayo ikanyamaza, tarumbeta moja moja.

"Nzuri," akasema. "Ila..."

"Haya, imetosha," akasema Chambega.

"Mwache," akasema Waziri.

Sikitu hakusogea. "Ila nini, baba?"

"Ila mtoto hakulia." Maneno yalitoka madogo madogo, kama yanapita kwenye tundu la sindano. "Nilimngoja alie. Mkunga aligeuka upande wa pili. Nilikuwa nimemshonea kofia, nyeupe, ikawa kubwa... Nimerudi nyumbani maziwa yanatoka, yanatoka kwa nani? Na mume wangu anapiga kelele nje, simlaumu, ila akipiga kelele mimi nitasema wapi? Mmeniita mnipime, nimekuja. Mmenipa sukari, asanteni. Mmeniuliza hujambo."

Alikuwa analia waziwazi, mzee mzima, kamasi na yote, mbele ya nchi nzima. Na juu ya kichwa chake taa ilikuwa ya kijani, kijani safi, kijani ya mpunga. Haikucheza hata kidogo. Kwenye skrini kubwa iliandika SIFURI. MZIMA.

Kutoka katikati ya ukumbi ikatoka sauti ya mama mmoja, wala hakuwa anapiga kelele. "Mbona inasema mzima?"

Chambega alikuwa anabonyeza bonyeza mashine yake kama anayetafuta mtandao. Waziri akaitazama kata mikononi mwake, akaiweka chini, polepole, kama watu wanavyoweka chini kitu wasichojua kama kinauma.

Pankrasi akanyoosha ngumi yake. Akaikunjua.

"Leteni hiyo mashine ya dole gumba," akasema.

"Baba," Sikitu akanong'ona, akimsogezea mashine ya Mkurugenzi, "ukigusa, hutampata tena."

"Najua. Wewe unafikiri nimekuja hapa kucheza?" Bado alikuwa na kata kichwani, bado Kolumba alikuwa amekaa ndani yake, shingo imenyooka. Akangoja kidogo tu, pumzi mbili tatu, kama mtu anayesindikiza mgeni mpaka njia panda. Kisha akasema taratibu, "Tua, mama. Tua sasa." Akaweka dole gumba.

Sheria ile ya zamani ilikuwa na jambo jingine, ambalo hata Sikitu hakulikumbuka. Kabla ya kufutwa, sauti iliyorekodiwa siku ile huchezwa yote mbele ya mfiwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Spika za ukumbi zikakwaruza. Sauti ya kijana ikasema, "Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

"Unajisikiaje?"

"Salama tu," akasema Kolumba. Kisha akavuta pumzi, na kila mtu ukumbini aliisikia pumzi ile. "Ila..."

"Asante, mama, inatosha," akasema yule kijana, kwa sauti nyororo, ya kubembeleza, kama anayeuza godoro. "Anayefuata!"

Watu wote wakageuka wakamtazama Mkurugenzi Chambega. Skrini ikawa nyeusi, saa ya ukutani ikagonga sita, na hapakuwa na kitu cha kurusha.

*

Kijitufe kilimdondoka Siwema nyuma ya sikio, kikabingirika mpaka chini ya jukwaa. Akapiga chafya. Akaitazama kanga yake ilivyonyooka, akaishika akaivuruga kwa hasira. Kisha akamwona shemeji yake.

"Shemeji! Wewe unalia? Na shati la harusi?" Akaanza kucheka, ikakwama njiani, ikawa kilio, akaja akamkumbatia huku akimpiga mgongoni. "Nilikuwa kwa dada, shemeji. Nilikuwa kwa dada Kolumba. Kumbe ndivyo alivyokuwa amekaa, na sisi tunakula ugali pembeni yake?"

"Usiniulize mimi," Pankrasi akasema. "Waulize wakubwa." Lakini alisema kwa mazoea tu, na alisikia mwenyewe kuwa sauti ile haikuwa na moto wake.

Ukumbi ulikuwa umegeuka soko. Waandishi wanamkimbiza Chambega kwenye ngazi, Sikitu amepanda meza anapiga kelele kwamba sifuri mpya haitakuwa ya mtu mmoja, wala haitachukuliwa kwenye salamu, na kiti cha kwanza atakikalia yeye, mwenye kutaka aje amuulize. Alikuwa na furaha ya mtu aliyebomoa nyumba yake mwenyewe akakuta chini kuna kisima.

Waziri alibaki peke yake jukwaani. Walinzi wake walikuwa wamechanganyikiwa, hawajui wamlinde dhidi ya nani. Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya tai, anafuta tu, ilishatakata zamani. Pankrasi alimtazama. Alikuwa na maneno ya mtu huyu. Aliyatunza tangu siku ya mazishi, aliyanoa, mengine aliyaota. Na kata haikuwepo tena kichwani, na alipomwona mzee huyo hasira yake ilirudi yote, nzima, hakuna hata kipande kilichopungua.

Akasogea mpaka mbele yake.

"Mheshimiwa," akasema. "Hujambo?"

Waziri akavaa miwani. Akanyoosha shingo.

"Sijambo, mzee mwenzangu. Salama tu."

Pankrasi akavuta kiti cha plastiki alichokalia Siwema, akakiburuza mpaka kikagusana na kile kiti cha kuvalia kata, mbele ya Waziri, akaketi. Akaweka mikono magotini, akatulia. Akangoja.